Mipira Iliyotumwa Muyinga

Magarama, Gitega
20 Februari 2025

Kastori, mtu wa Muyinga,

Mimi mzima, mama mzima, cherehani ya viatu nzima isipokuwa ule mkanda unaoujua. Hali yako sikuulizi, maana nikiuliza utajibu kurasa tatu. Nyie mliokulia kwenye kambi za wakimbizi Tanzania mnapenda barua kuliko wali. Simu unayo mfukoni, lakini wewe unataka karatasi. Haya, karatasi hii hapa, imo ndani ya gunia pamoja na mipira sita ya besiboli, na gunia nimempa Urbano dereva. Likipotea muulize yeye.

Mipira nimeishona upya yote. Unakumbuka ilivyokuwa, ile ya katoni ya zamani, ngozi imechanika, nyuzi za ndani zinaning'inia. Nimeifungua, nimekata ngozi mpya vipande viwili kwa kila mpira, nimeshona mishono mia na nane kwa uzi wa nta, mmoja baada ya mwingine, huku wateja wa soli wananisubiri wamenuna. Kwa hiyo timu yako hiyo ya wabeba kahawa isije ikasema Gitega tumewanyima vifaa.

Kuhusu kugonga, nagonga kama kawaida. Tangu uhame mwezi wa kwanza Mahmudu ndiye mrushaji wetu. Yeye anarusha, mimi nainua rungu, mpira unakwenda hadi ukutani mwa shule, watu wanapiga makofi. Hakuna kilichobadilika, usijipe umuhimu.

Sasa sikia jambo. Kocha Matata ametangaza kwamba mwezi wa nane kikosi cha Burundi kinakwenda Dar es Salaam kwenye mashindano ya besiboli. Nafasi zimejaa, imebaki moja tu, ya mgongaji, na ataitoa baada ya mechi ya Gitega na Muyinga, hapa kwetu, tarehe mosi Juni. Mama ameshaninunulia valizi ya safari. Ya bluu, yenye magurudumu. Ameiweka sebuleni, na kila mgeni anayekuja anaambiwa, "Faridi anaenda Dar." Kwa hiyo unaelewa kwamba nafasi hiyo ina mwenyewe.

Msalimie mkeo Imelda.

Faridi


Muyinga
6 Machi 2025

Ndugu yangu Faridi,

Pole na swaumu, Mungu akupokelee. Mimi na Imelda hatujambo. Kazi ya mizani kwenye kituo cha kuoshea kahawa nimeizoea, ingawa bado wananicheka ninavyozungumza Kirundi. Wanasema naongea kama redio ya nje.

Gunia limefika. Urbano alikwama siku tatu njiani Karuzi akisubiri mafuta. Mipira ni mizuri kwa macho, kushona kwako nakujua hata nikifumba macho. Ila ni mizito kidogo kuliko tuliyozoea. Tukiigonga inaanguka karibu, kama andazi lililoponyoka mkononi. Nadhani ngozi ya siku hizi ni nene. Si lalamiko, ndugu yangu. Hapa hatukuwa na mpira hata mmoja, na kabla ya gunia lako tulikuwa tunarusha ndimu.

Kuna mtu hapa kituoni anaitwa Kasiano. Amekulia karibu na pori la Ruvubu, na tangu utotoni anawatupia nyani mawe wasile mahindi yao. Faridi, mkono ule! Nilimwonyesha mara mbili tu jinsi ya kushika mpira. Sasa kila asubuhi kabla ya kazi ananirushia, na hana huruma. Siku ya kwanza nilikosa ishirini kati ya ishirini, nikakaa chini nikacheka. Nikakumbuka asubuhi zetu za miaka mitano, mimi narusha, wewe unagonga, halafu mama yako, Mama Fatouma, anatuita chai.

Nimeona nimetolewa kwenye grupu la timu la simu. Labda ni kwa sababu nimehama. Lakini sasa sipati habari za mechi zenu, ndiyo maana nakuomba uniandikie kila kitu.

Jambo moja nisikufiche. Kocha alinipigia simu juzi. Amesema siku ya mechi atanitazama na mimi kwa ile nafasi. Nimeona ni heri ulisikie kutoka kwangu.

Wako,
Kastori


Magarama
19 Machi 2025

Kastori,

Barua yako nimeisoma. Nimehesabu, jina la Mungu limo mara moja, la mkeo mara moja, la Kasiano mara moja, ila mkono wake una aya nzima. Nimefurahi umepata wa kukurushia. Miaka mitano mtu anaamka na wewe alfajiri, unamwacha, na miezi miwili haijaisha umeshapata mtupia nyani. Hongera.

Ngozi ni ileile. Mipira ni ileile. Labda mikono yenu imechoka na magunia ya kahawa. Nawatumia mingine minne, yote nimeishona mwenyewe, kwa hiyo usiseme nina kinyongo kwa sababu kocha amekupigia. Amekupigia kwa adabu tu. Matata ni mtu wa adabu.

Kuhusu grupu, mimi ndiye msimamizi wake na ni mimi niliyekutoa. Grupu ni la Gitega.

Mahmudu siku hizi anarusha vibaya. Anarusha chini, mbali na mwili, kama mtu anayepanda maharage. Mpira wa namna hiyo nani ataugonga? Na swaumu nayo, ikifika saa tisa mchana macho yanaona mipira miwili na mtu anapiga ule wa uongo. Lakini nagonga. Baada ya Idi utasikia.

Mama anauliza kama kule Muyinga kuna mtu anayekupikia chai ya tangawizi. Nimemwambia atakuwa Kasiano.

Faridi


Yoba, Gitega
10 Aprili 2025

Kaka Kastori,

Ni mimi Happy, mdogo wako, yule ambaye humwandikii. Saluni inaendelea, wateja wa Idi walikuwa wengi hadi vidole vikavimba. Sijui Faridi anakuandikia nini, lakini namjua, kwa hiyo nimeona nikuandikie mimi.

Faridi hagongi. Tangu Februari hajagonga mpira mmoja wenye maana. Anasimama vizuri, anazungusha rungu vizuri, upepo unasikika hadi barabarani, na mpira unakuwa umeshafika mikononi mwa mdakaji. Mara moja, mara mbili, mara ya tatu, anarudi kukaa. Mwezi wa tatu kocha alimwuliza mbele yetu sote, "We Faridi, iko nini? Mupira iko inapita hapa, we uko unapiga kule." Akajibu, "Ni swaumu, kocha." Idi ikapita. Kocha akamwambia, "Bon, swaumu imeisha. Sasa iko nini?" Akasema rungu limepinda. Kocha akaliviringisha juu ya meza ya shule, likaviringika sawa kabisa, watu wakacheka hadi Mahmudu akalala chini.

Alikuwa mgongaji wa nne, nafasi ya wenye nguvu, sasa ni wa tisa, wa mwisho. Amebadilisha kofia, amebadilisha viatu, ametoka kwenye grupu kwa sababu watu walikuwa wanamwekea picha za feni. Mama Fatouma ameifunika ile valizi kwa kitambaa cha meza.

Sasa nisikilize vizuri. Nimekaa kando nikamtazama wiki mbili nzima. Mpira ukija juu ya kiuno, karibu na mwili, anaupiga hadi ukutani. Ukija chini, upande wa nje, anapiga hewa, kila mara. Kila anayemrushia ameshajua. Nikajiuliza, wewe uliyemrushia miaka mitano, hukuliona hilo? Nakujua, kaka. Wewe unaona hata mende anayepita chini ya kabati. Uliliona.

Mimi nilimwambia niko tayari kumrushia asubuhi, unajua mkono wangu si mbaya. Unajua alinijibu nini? "Mi sirushiwi na dada ya Kastori. Ni kama kumurudia Kastori mwenyewe." Akaenda zake na rungu lake begani.

Mwandikie ukweli.

Happy


Muyinga
20 Aprili 2025, siku ya Pasaka

Ndugu yangu Faridi,

Leo sikwenda uwanjani. Nimetoka kanisani nikaketi kuandika, na karatasi mbili nimeshazichana.

Najua kwamba hugongi. Usimlaumu aliyeniambia. Na najua kwa nini hugongi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuharibu.

Unakumbuka asubuhi ile ya kwanza? Mimi nilikuwa na miezi miwili tu tangu tutoke Tanzania. Sikuwa na rafiki Gitega nzima. Nilikuwa na rungu moja na mipira miwili aliyotuachia mwalimu wa michezo kambini, nikawa narusha peke yangu ukutani. Ukaja na nyundo yako ya viatu kiunoni, ukasema, "Leta nijaribu." Nikakurushia chini, upande wa nje, kama nilivyofundishwa. Ukakosa. Ukakosa tena. Mara ya tatu ukalitupa rungu ukasema huu ni mchezo wa wajinga, ukageuka uende zako. Nikakuomba urudi mara moja tu. Ule wa nne niliuweka juu kidogo ya kiuno, karibu na mwili, polepole. Ukaupiga ukapotea. Ukacheka, ukanishika mkono, ukanipeleka kwenu, na Mama Fatouma akanimiminia chai kabla hajaniuliza jina.

Kesho yake nikaurusha palepale. Na kesho yake. Miaka mitano, Faridi. Hata kwenye mechi, kwa sababu hatukuwa na timu ya kucheza nayo, tulijigawa nusu kwa nusu na mimi nikarusha pande zote mbili. Wewe ulikuwa mgongaji wa kile nilichokupa. Niliogopa kwamba ukikosa sana utaacha mchezo, au utatafuta mrushaji mwingine, na mimi nitarudi kurusha ukutani. Nilikuwa naonea wivu mkeka wenu, ile sahani yenu ya pamoja, mama yako anavyokuita kwa sauti kubwa. Sikuwa na njia nyingine ya kuvipata. Kusema kwamba nilikuwa nakuhurumia ni uongo.

Dawa ipo. Sogea karibu zaidi na beiz, kile kibao cha chini, usiuvute mpira upande wako, uache ufike kabisa halafu uusindikize kulia. Mwache Happy akurushie, mkono wake ni mkali na hana sababu ya kukubembeleza.

Mimi huku nagonga vizuri. Sikupaswa kuandika hilo leo, lakini kukuficha nimechoka. Sijawahi kugonga hivi maishani.

Kastori


Magarama
5 Mei 2025

Kastori,

Kwa hiyo miaka mitano nilikuwa mtoto wa kulishwa kwa kijiko. Nilikuwa napita Magarama kifua mbele, watu wananiita Faridi wa Rungu, hata muuza nyama ananichagulia kipande, kumbe ulikuwa umekaa pale na mpira wako unanipimia dozi. Mama nimemsomea barua yako. Akasema, "Chai ningempa tu, hata ungekosa." Sasa unajua.

Nina wivu, Kastori. Nimeona niliandike lisinikabe. Nina wivu na mkono wako, na asubuhi zako, na huyo Kasiano, na hata hao nyani waliomfundisha kazi. Nikiwa kwenye soli ya mtu nakuwaza wewe unagonga, napiga kidole. Mikono yangu imejaa plasta. Nilikuwa nasali nikajikuta naomba mvua inyeshe Muyinga kila asubuhi mpaka Juni. Nikaomba toba, halafu nikaomba tena mvua.

Usinipe dawa. Kila dawa yako ina sukari ndani.

Ila nakuambia hivi. Tarehe mosi ukiingia kurusha wewe, na ukinirushia pale ninapopenda, sitainua rungu. Wallahi sitaliinua, kocha atazame, mama atazame, hata iwe ni mpira wa mwisho wa mechi.

Hakuna mipira kwenye gunia hili. Hakuna gunia. Urbano ana bahasha tu.

Faridi


Yoba
24 Mei 2025

Kaka,

Siku tatu baada ya barua yake kwako, alikuja hapa Yoba saa kumi na mbili asubuhi. Nilikuwa bado na kilemba cha kulalia. Hakusalimu. Alisema, "Rusha. Chini, upande ya nje. Na usiongee."

Sasa ni siku ya kumi na saba. Wiki ya kwanza alikosa yote, kila siku mia. Nilihesabu kwa sababu sikuruhusiwa kuongea. Anatoka jasho, anafuta uso, anasimama tena. Nikaanza kumwonea huruma, lakini nilipolegeza mkono kidogo aliniangalia kwa jicho hilo, kaka, nikakaza.

Siku ya nane nilivunja amri. Nilipita kwenye kibanda chake cha viatu nikamkuta anapigilia kisigino, nikamwuliza, "Msumari ukiwa huko ukingoni, mbali, unanyoosha mkono au unasogeza kiti?" Akasema, "Nasogeza kiti. Ukinyoosha mukono utapiga kidole." Nikasema, "Basi." Akautazama ule msumari muda mrefu hadi mwenye kiatu akauliza kama kuna shida.

Kesho yake akasogea hatua moja kuelekea beiz, akainama kidogo, akasubiri. Mpira wa thelathini na kitu akaugusa. Ulitambaa tu chini kama kuku, lakini ulikwenda kulia. Akatabasamu, halafu akakumbuka kwamba amekasirika. Jana alipiga kumi na mmoja.

Wewe hajakusamehe. Akisikia Muyinga anatema mate. Njoo na mkono wako kamili, usije na huruma.

Happy


Muyinga
4 Juni 2025

Faridi,

Tulifika salama. Kwenye gari watu waliimba njia nzima. Uliondoka uwanjani hatukusalimiana, kwa hiyo nakuuliza kwa barua.

Kwa nini uliuacha ule wa kwanza?

Mara zako mbili za mwanzo Kasiano alikutoa, sawa, anamtoa kila mtu. Kidole chake kilipochubuka nikaingia kurusha mimi, na wa kwanza kusimama mbele yangu ukawa wewe. Nakiri mbele ya Mungu kwamba nilipanga kukurushia chini, nje. Mkono ukaenda wenyewe palepale pa zamani, juu kidogo ya kiuno, polepole. Ungeupiga hadi barabarani. Kocha alikuwa amekaa na daftari lake, mama yako amesimama na mwavuli. Ukauacha ukapita. Mwamuzi akahesabu moja. Hukutikisa hata bega, ulinitazama tu. Sijawahi kuona aibu vile mbele ya watu wengi.

Wa pili nilikurushia kwa hasira, chini, nje, ukakosa. Wa tatu vilevile, mkali kuliko wote niliowahi kurusha, na ukasogea, ukausubiri, ukaupitisha kulia kwako pale ambapo hapakuwa na mtu. Nilimwona Happy akirukaruka. Nilitaka kupiga makofi, nikakumbuka kwamba mimi ni mrushaji.

Sasa lililobaki. Kocha amenipigia jana. Nafasi amenipa mimi. Amesema ni kwa ile mitatu mirefu niliyogonga. Wewe mwenyewe uliiona, hata mimi sikuielewa. Mipira mipya ya mechi ilikuwa myepesi, kila nikigusa inaruka, kwa sababu nimezoea ile yako mizito. Kwa hiyo sehemu ya nafasi hii imeshonwa na wewe. Imelda anasema nisiandike hivyo, utadhani nakubembeleza tena. Nimeandika hata hivyo.

Nina furaha, Faridi, na furaha yenyewe hainikai vizuri mwilini.

Kastori


Magarama
15 Juni 2025

Kastori,

Niliuacha kwa sababu niliapa. Na kwa sababu ningeupiga ningekuwa tena Faridi wa Rungu, na wewe ndiye ungekuwa umelishika hilo rungu. Ule wa tatu ni wangu. Kamoja tu, kafupi, kulia, hakakufika hata ukutani. Nimekarudia kichwani mara mia tano. Mahmudu sasa anaponirushia chini anaona mpira unamrudia miguuni, na kocha amenirudisha nafasi ya nne. Dar nimekosa, lakini kugonga kumerudi.

Sasa kaa chini, uniache nimalize.

Mipira yako si mizito kwa sababu ya ngozi. Nilipoifungua mwezi wa pili niliitoa mioyo yake ya kweli, ile ya raba na kizibo iliyosokotwa sufu, nikaiweka kwenye kopo la maziwa chini ya meza. Ndani nikajaza nyuzi za mgomba, kama ile mipira tuliyocheza utotoni, nikakaza na mchanga kidogo, nikashona vizuri sana usijue. Yote kumi. Nilipoanza, kocha alikuwa bado hajakupigia, lakini nilijua atakupigia. Nilitaka ugonge, ugonge, na mpira usiende popote, mpaka ufikiri kwamba mkono wako umekufa. Nilikuwa naona raha kushona. Mishono mia na nane, na kila mmoja nilikuwa nakuona umekaa chini umeshika kichwa.

Kumbe nilikuwa nakujenga. Miezi mitatu umegonga mawe, ukaja ukapewa mipira ya watu. Hakuna kocha wa Tanzania wala wa Burundi aliyekufundisha kama roho yangu mbaya. Cheka, una haki. Mama nilipomwambia alinipiga na kandambili, mimi mtu wa miaka thelathini.

Kocha nimemwambia pia. Aliuma kalamu, akasema, "Mi nilichagua mutu mwenye alipiga. Wengine mutaombana musamaha wenyewe." Kopo la mioyo nimempa, nitaishona yote tena kwa ajili ya timu, bure.

Urbano anakuletea valizi. Ni mama aliyesema iende. Amesema watu wote wa Magarama wameshaambiwa valizi hii inakwenda Dar, na yeye si mwongo. Magurudumu ni mazuri, usiiburute kwenye mawe. Mule ndani kuna mpira mmoja. Nimeubakiza moyo mmoja wa kweli, ule usio na doa, nikaushona kwa ngozi ya mwisho ya ndama niliyokuwa nayo. Ni wa kufanyia mazoezi kabla ya safari. Moyo ni wa kweli, Kastori. Usiupasue, sina mwingine.

Wivu bado ninao. Jana nimeota uko Dar unapigiwa makofi, nikaamka nimekunja ngumi. Lakini nimekuandikia.

Faridi


Muyinga
26 Juni 2025

Ndugu yangu Faridi,

Valizi imefika, Imelda ameifuta vumbi na hataki niiguse.

Barua yako niliisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilikasirika hadi nikatoka nje nikamwacha Urbano na chai yake. Mara ya pili nilicheka. Mara ya tatu nikauchukua ule mpira, nikaushika. Ulikuwa mwepesi, ulikuwa mzuri, ulikuwa kama ile ya kwanza niliyotoka nayo kambini. Niliuweka mezani. Nikala. Nikaurudia. Kasiano alikuja akasema, "Tuende tuujaribu," nikamwambia bado. Nilikuwa nakukemea moyoni kwa kunifanyia hila, na wakati huohuo kisu cha jikoni kilikuwa karibu.

Nimeupasua. Nisamehe, ilibidi nione.

Moyo ni wa kweli. Sufu imesokotwa vizuri, hakuna hata chembe ya mchanga. Imelda alisimama mlangoni akaniona nimeshika vipande viwili vya ngozi, akasema neno moja la Kirundi ambalo sitaliandika. Nimeona aibu ambayo sikuiona hata siku ile uwanjani.

Nakutumia vyote kwenye mfuko huu, ngozi, uzi, moyo. Kama unaweza, ushone tena. Kama huwezi, nitaelewa.

Kastori


Magarama
3 Julai 2025

Kastori,

Vipande nimevipata. Nimekaa navyo kwenye kibanda, nimekuwa nakutukana tangu asubuhi, na wateja wamesikia.

Halafu nikajiuliza. Ungenitumia wewe mpira baada ya barua kama ile, ningefanyaje? Ningeupasua nikiwa bado kituo cha basi, mbele ya Urbano.

Nimeshaushona. Mishono ni mia moja na saba, mmoja nimeuacha wazi, kidole kinaingia unagusa sufu. Siutumi. Gari la timu litapita Gitega tarehe mbili Agosti, njoo siku moja kabla, ulale kwetu. Asubuhi utanirushia chini, upande wa nje, kwa nguvu zako zote. Ule mshono wa mwisho nitauziba wewe ukitazama.

Mama anasema chai ipo.

Faridi